Fisi maji bwawani: kwa nini mtego haumalizi kazi

Mfugaji wa samaki akivuna perege 400 mahali alipotarajia 900, jina la mwizi hupatikana kabla ya ushahidi. Kwenye mabonde ya Kagera na Nyanda za Juu Kusini, magharibi mwa Kenya, na karibu kila panapopita kijito chenye matete, jina hilo mara nyingi ni fisi maji. Mtu alimwona jioni, kichwa kimetokeza juu ya maji, sharubu zimesimama, kesi imekwisha. Kinachofuata ni mtego wa waya, mbwa wa kuazima, au mbaya zaidi, samaki aliyetiwa sumu na kutupwa kando ya maji.

Nauweka msimamo wangu mezani mapema: kumuua fisi maji ni kazi ya bure. Huruma ina nafasi yake, lakini sitegemei huruma hapa. Nategemea namna mnyama huyu anavyogawana mito na wenzake, jambo ambalo likieleweka, mtego unaonekana wazi kuwa hauna faida. Ila kabla hatujafika huko kuna swali ambalo wengi huliruka: una hakika ni yeye?

Nani kala samaki?

Bwawa hupoteza samaki kwa njia nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina meno. Vifaranga wanaosafirishwa kwenye mifuko ya plastiki juu ya bodaboda, jua likiwaka, hufa kwa wingi siku za mwanzo, na kifaranga mdogo akifa huoza bila mtu kujua. Perege dume na jike wakichanganywa huzaliana mpaka bwawa likajaa samaki wa ukubwa wa kidole. Wale wakubwa uliowategemea hawakuliwa, hawakukua. Maji yakirutubishwa kwa samadi kupita kiasi, mwani hutumia oksijeni usiku kucha, na alfajiri unakuta samaki wanatweta juu ya maji. Hao wakifa huelea wazima wazima, hawana alama ya jino. Halafu kuna kambare aliyeingia na mfereji akiwa mdogo kama njiti, akakaa humo mwaka mzima akila vifaranga wako huku wewe ukimwongezea pumba.

Ndege nao wamo. Mnandi huzamia, mdiria huchukua kifaranga mmoja mmoja kutwa nzima, korongo na yangeyange husimama kwenye kina kifupi wakisubiri. Kwa kuwa hufanya hivyo mchana mbele ya macho yetu, tumewazoea na hatuwashtaki. Kenge hupita pia, na huacha mburuzo wa mkia katikati ya nyayo zake. Mwisho kuna mwizi wa miguu miwili mwenye wavu, anayechukua samaki wa kuuzika tu na kuacha wadogo, na ambaye hakuna habari inayomfurahisha kama kusikia kijiji kizima kinamlaumu fisi maji.

Fisi maji mwenyewe ana alama zake, na ukizijua huhitaji kumvizia usiku. Ya kwanza ni kinyesi. Hakifichi, hurudi kujisaidia mahali pale pale, kwenye jiwe, kichuguu au sehemu ya kingo iliyoinuka karibu na maji, mpaka panakuwa jaa dogo. Chukua kijiti ukichambue. Kikikauka kinavunjika chenyewe, na ndani yake umejaa unga na vipande vya magamba ya kaa, vya kahawia na vya rangi ya machungwa, ncha za magando zikiwa bado nzima. Kati ya hivyo utaona mara moja moja mfupa wa chura au magamba ya samaki. Ukikuta badala yake manyoya ya panya na mabawa ya wadudu kwa wingi, huenda unamshtaki nguchiro wa majini, ambaye hukaa kwenye matete yale yale, hula kaa vilevile, na husababisha kesi nyingi ambazo fisi maji hujibu.

Alama ya pili ni nyayo kwenye tope. Za nguchiro zinaonyesha kucha mbele ya kila kidole. Za fisi maji mkubwa, kwenye mguu wa mbele, ni vidole vitano vilivyoachana bila kucha yoyote, kama mtoto aliyebandika kiganja chake kwenye udongo. Ya tatu ni nyasi zilizolala: mnyama huyu hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, manyoya ndiyo blanketi lake, kwa hiyo akitoka majini hujiviringisha kwenye nyasi ili yakauke. Ya nne ni mabaki. Samaki mdogo humla mzima, lakini mkubwa humtoa nje ya maji, na hapo utakuta kichwa, mkia, au magamba yaliyotapakaa.

Ukiona alama mbili au tatu kati ya hizo mahali pamoja, siku tofauti, hapo una kesi. Ukiona kinyesi cha kaa peke yake, bado una shahidi wa kuhoji, kwa sababu kaa si samaki.

Wako wawili, na tofauti yao ina uzito

Watu husema fisi maji kana kwamba ni mmoja. Kwenye sehemu kubwa ya Afrika Mashariki wako wa aina mbili, wote wa ukoo mmoja na nyegere na kicheche. Ukielekea magharibi, kwenye misitu na mabonde ya Kongo mpaka Rwanda na Burundi, kuna wa tatu, ndugu wa karibu wa yule mkubwa.

Huyo mkubwa ni fisi maji asiye na kucha. Ana uzito wa kilo 10 hadi 20 na zaidi kidogo, na kutoka pua hadi ncha ya mkia anaweza kufika mita moja na nusu. Vidole vyake vya mbele havina kucha wala utando wa maana. Ni vidole vya kupapasia. Ukibahatika kumtazama kwa darubini akiwinda kwenye kijito, utashangaa: kichwa kiko juu, macho yanatazama kwingine kabisa, na mikono yake miwili iko chini inapekua mawe na tope. Akimgusa kaa anamvuta, anamshika kwa mikono na kumtafuna na gamba lake. Kaa wa mtoni ndio chakula chake kikuu karibu kila mahali alikochunguzwa kwenye maji baridi. Chura na samaki hufuata. Kwa kuwa hutegemea mguso, maji ya tope hayamsumbui.

Wa pili ni fisi maji mwenye madoa shingoni. Huyu ni mdogo, kilo 3 hadi 6 hivi, ana kucha, ana utando kamili kati ya vidole, na koo lake lina mabaka meupe au ya manjano. Yeye ni mla samaki hasa. Huwinda kwa macho, mara nyingi mchana, na huhitaji maji yanayopitisha mwanga. Ziwa Viktoria ni makao yake makubwa; kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rubondo, mkoani Geita, wageni humwona kutoka ufukweni akipita na wenzake kwa makundi. Kwa miaka mingi aliishi kwa kula furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Sangara alipoletwa ziwani miaka ya 1950 na kuongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, furu walipungua vibaya, na fisi maji alibidi abadili mlo kama wavuvi walivyobadili nyavu. Nyavu zenyewe humuua pia: akinaswa chini ya maji hana muda mrefu wa kuishi, maana anavuta hewa kama sisi.

Sasa rudi bwawani. Bwawa la perege lililotiwa samadi vizuri huwa la kijani, na mkono ukizama mpaka kiwiko huuoni tena. Kwa mwenye madoa shingoni hilo ni pazia. Kwa asiye na kucha si kitu. Kwa hiyo mgeni wa bwawa la kuchimba kijijini ana uwezekano mkubwa wa kuwa yule mkubwa, na yule mkubwa mara nyingi alifuata kaa kwanza.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji hulicheka nikilisema, lakini mafundi wa mabwawa wanalijua: kaa huchimba kingo. Tundu moja la kaa lililotoboka kutoka ndani mpaka nje linatosha kukushushia maji usiku mmoja, na kuliziba ni kazi ya jembe na udongo wa mfinyanzi. Mnyama anayepita kila usiku akila kaa kwenye kingo zako anakufanyia kibarua ambacho hukumlipa. Simaanishi umwache ale samaki. Namaanisha hesabu yake ina pande mbili, na upande mmoja hauandikwi kamwe.

Hasara yenyewe ni kiasi gani?

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa katika majimbo ya uchaguzi, kipimo kilichotumika kilikuwa bwawa la mita za mraba 300 lenye vifaranga 1,000. Kipimo hicho kimeenea, kwa hiyo tukitumie. Fisi maji wa Ulaya, ambaye amepimwa sana, hula kati ya kilo 1 na kilo 1.5 kwa siku. Tuseme wetu anapata kilo moja tu bwawani na kingine anakitafuta mtoni. Perege wako wakiwa na gramu 200 kila mmoja, hiyo ni samaki watano kwa usiku, 150 kwa mwezi. Akiwa mgeni wa kudumu kwa miezi miwili ya mwisho kabla ya kuvuna, zimekwenda 300.

Kwa ziwa au bwawa kubwa la umwagiliaji hiyo si hasara ya kutaja. Kwa bwawa la mita za mraba 300 ni ada ya mtoto. Ndiyo maana wapenzi wa wanyama wanaosema fisi maji hana madhara, na wafugaji wanaosema anafilisi, wote wanaweza kuwa wanasema kweli; wanazungumza juu ya mabwawa tofauti.

Kwa nini anakuja? Kwa sababu tulimfuata. Bwawa huchimbwa bondeni, palipo na maji na udongo unaoshika, yaani kwenye kitanda chake. Matete na mafunjo yamefyekwa ili kupata bustani za mboga, kijito kimepanuliwa au kimekauka, kaa wamepungua, na katikati ya hayo yote pana shimo lenye samaki 1,000 wasio na pa kujificha. Hana sababu ya kupita.

Sheria inasema nini, na hailipi nini

Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda au kukamata mnyamapori bila kibali. Kenya kuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na Uganda wana yao ya 2019, zenye katazo la namna hiyo hiyo. Kimataifa, aina zote mbili zimeorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuwa zinakaribia kundi la walio hatarini, na biashara ya ngozi au sehemu zao inabanwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo mtego wa waya unaomwekea pembeni ya bwawa lako, hata kama bwawa ni mali yako na hati unayo, unaweza kukufikisha mahakamani.

Fidia ni habari nyingine, na si nzuri. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi ziliwalenga wanyama wakali na waharibifu wakubwa kama tembo, kiboko, simba na mamba. Jedwali la Kenya linalotaja wanyama ambao uharibifu wao hulipiwa lina orodha ndefu zaidi, na fisi yumo. Ni yule wa nchi kavu, mla mbuzi. Wa majini hayumo. Mfugaji akipoteza perege 300 anapoteza peke yake. Kwangu mimi hapa ndipo sheria ilipoacha pengo: imemfunga mikono mwenye bwawa bila kumpa hata roli moja ya wavu. Tukimwomba aishi na mnyama ambaye taifa linamtaka, na taifa nalo lichangie uzio.

Kuhusu sumu sitaki maneno mengi. Dawa ya shamba ikipakwa kwenye samaki wa chambo haichagui mlaji. Atakufa mbwa wa jirani, atakufa furukombe, mvua ikinyesha itaingia kwenye maji unayofugia samaki wa kuuza, na mtoto anayepita akaokota samaki ataokota kifo.

Waingereza walivyogombana na fisi maji wao

Nchi iliyobishana kuhusu jambo hili kuliko zote ni Uingereza, na mabishano yao yana somo kwa sababu wamepita hatua zote: kuwa naye, kumpoteza, kumrudisha, kisha kujuta kidogo.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 fisi maji wa England walitoweka mto baada ya mto. Chanzo kikubwa hakikuwa wawindaji wenye mbwa, ingawa nao walikuwepo, bali dawa za kilimo za jamii ya dieldrini zilizotumika kwenye mbegu na kuogeshea kondoo. Zilishuka mitoni, zikaingia kwa samaki, zikajilimbikiza kwa mla samaki. Uchunguzi wa kitaifa wa 1977 hadi 1979 ulikuta dalili zake kwenye chini ya asilimia 6 ya maeneo yaliyokaguliwa. Mwaka 1978 akapewa ulinzi wa kisheria, dawa zile zikaondolewa, mito ikasafishika. Uchunguzi wa 2009 hadi 2010 ukamkuta kwenye karibu asilimia 59 ya maeneo, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba amerudi katika kila kaunti ya England, Kent ikiwa ya mwisho.

Wavuvi wa burudani hawakupiga makofi. Wakati hayupo, biashara kubwa ilikuwa imekua ya mabwawa ya kuvulia kwa ndoana, yenye samaki aina ya karpi wenye kilo 15, 20 na zaidi. Samaki hao hawaliwi; huvuliwa, hupigwa picha, hurudishwa majini, na mashuhuri kati yao hupewa majina. Mmoja wao anaweza kuwa na thamani ya maelfu ya pauni. Fisi maji mwenye kilo 8 akimtoa nje ya maji samaki wa kilo 15 usiku wa baridi, wakati ambapo samaki amezubaa na hawezi kukimbia, hula sehemu tu na kuondoka. Asubuhi mwenye bwawa anakuta mzoga wa samaki aliyemlea miaka 20.

Lawama ziliwaangukia wahifadhi. Shirika la Otter Trust lilikuwa limefuga na kuachia fisi maji 117 kati ya 1983 na 1999, na mpaka leo utawasikia wavuvi wakisema tatizo lote lilitoka kwenye vizimba hivyo. Si hivyo. Walioachiwa walisaidia mashariki mwa England, lakini sehemu kubwa ya kurudi kwao ilitoka kwa wale waliosalia magharibi na Wales, waliofuata mito wenyewe maji yalipokuwa salama. Samaki aina ya mkunga, chakula chao cha zamani, nao walikuwa wamepungua sana barani Ulaya, hivyo waliorudi walikuta meza yao ya kawaida haina kitu na mabwawa ya karpi yamejaa.

Wenye mabwawa waliomba ruhusa ya kuwaua. Hawakuipata, na hoja iliyowashinda ndiyo ile niliyoiahidi mwanzoni. Fisi maji dume wa Ulaya anaweza kumiliki hadi kilometa 40 za mto, na huweka kinyesi chake kwenye mawe kama tangazo kwa wengine kwamba pana mwenyewe. Watoto hukaa na mama yao kama mwaka mmoja, kisha hutoka kutafuta pa kuishi. Wengi hawapati, huzunguka pembezoni mwa maeneo ya wakubwa wakisubiri nafasi. Ukimuua mwenye eneo, umetangaza nafasi. Anaingia kijana mgeni, asiyejua mto vizuri, mwenye njaa, na bwawa lako ndilo la kwanza kuliona. Wakati mwingine wanaingia wawili watatu wakigombania. Hao wa kwetu nao hutembea kilometa nyingi za mto na huweka alama kwa namna hiyo hiyo. Sioni sababu ya mtego wa Iringa kufanya kazi ambayo mtego wa Norfolk, mashariki mwa England, usingeiweza.

Walichokubaliana hatimaye ni uzio. Katika muongo wa 2010, mamlaka ya uhifadhi ya England, Natural England, iliongeza leseni maalumu: fisi maji akikutwa amefungiwa ndani ya bwawa lililozungushiwa uzio mzuri, mtu aliyefunzwa anaweza kumkamata kwa mtego wa kisanduku na kumwachia nje ya uzio, karibu na hapo hapo. Hapelekwi mkoa mwingine. Mwenye eneo anabaki na eneo lake, ila bwawa limetolewa humo.

Uzio unaofanya kazi, na ule wa kujifurahisha

Waya wa kuku uliofungwa kwenye vijiti ni wa kujifurahisha. Unapinda, unashika kutu, na chini yake mnyama anapita akiwa amelala chali. Uzio wa kweli una urefu wa mita 1.2 au zaidi kutoka ardhini, matundu yasiyozidi sentimeta 5, na wavu mgumu. Cheni linki inatosha. Lakini urefu siyo sehemu inayoshinda vita. Sehemu inayoshinda iko chini. Wavu lazima uzikwe kama sentimeta 30, au, kama ardhi ni mawe, ukunjwe kuelekea nje kwa nusu mita, ulazwe juu ya ardhi, upigiliwe vigingi na kufunikwa kwa udongo na nyasi. Mchimbaji huanza kuchimba pale wavu unapokutana na ardhi. Akikuta wavu mwingine chini ya miguu yake, anakata tamaa. Juu, kunja sentimeta chache kuelekea nje ili asiweze kuvuka kwa kupanda.

Kisha zunguka utafute ulichosahau, maana yeye atakitafuta. Bomba la kuingiza maji na la kutolea yawe na nondo au wavu. Geti lisiwe na mwanya chini. Weka kizingiti cha zege au cha ubao. Tawi lililoegemea uzio likatwe. Baada ya kila mvua kubwa kagua kingo, kwa kuwa masika hufungua njia ambayo hukuiacha. Na kabla ya kufunga kipande cha mwisho, hakikisha hayuko ndani. Ukiona kinyesi kipya ndani ya uzio uliokwisha kufungwa, fungua geti usiku, ondoa watu na mbwa, na uite afisa wanyamapori kama hatoki.

Wenye uwezo wanaweza kuongeza uzio wa umeme wa jua, nyuzi mbili au tatu chini kabisa, ya kwanza sentimeta 10 hivi kutoka ardhini, zimguse puani kabla manyoya hayajamkinga. Kasoro yake ni nyasi: zikiota zikagusa waya, umeme unaishia ardhini. Nani atafyeka kila wiki? Kama huna jibu, okoa pesa zako.

Taa na redio usiku kucha humtia shaka kwa siku chache, kisha huzizoea. Sanamu la kutishia ndege halimhusu. Mbwa anayelala bwawani kweli husaidia, mradi alale bwawani na si jikoni, na ajue kwamba fisi maji mkubwa akibanwa anang'ata vibaya.

Palipo na bwawa kubwa lisilozungushika, kama mabwawa ya trauti kwenye nyanda za Aberdare na Mlima Kenya, ambako samaki hao waliletwa mwaka 1905, kazi ni kuwapa samaki pa kukimbilia: vilindi, magogo, mafungu ya matawi yaliyozamishwa kwa mawe. Njia hiyo hufaa hata bwawa dogo, na ina faida ya ziada ya kumchania wavu mwizi wa miguu miwili. Itakubidi uyatoe matawi kabla ya kuvuta kokoro lako siku ya kuvuna, kazi ambayo vijana hawaipendi hata kidogo. Vilevile fyeka matete kandokando ya bwawa ili asipate pa kujibanza, lakini usifyeke ya kandokando ya mto. Huko ndiko unakotaka akae, kwenye kaa wake, na uzio wako usizibe njia yake ya kupita kandokando ya mto.

Kinachowashinda wengi ni gharama, na hapo hesabu ya ramani husaidia kuliko mkopo. Bwawa la mita 15 kwa 20, ukiacha mita moja ya kutembea kuzunguka, linahitaji uzio wa mita 78. Wafugaji wanne, kila mmoja bwawa lake kwenye kona yake ya bonde, watanunua mita 312. Mabwawa hayo manne yakichimbwa pamoja, mawili kwa mawili, kukiwa na kingo ya mita mbili kati yake, uzio mmoja wa mita 156 unayazunguka yote, geti ni moja, na mlinzi au mbwa ni mmoja. Kwa kikundi ambacho bado hakijapiga jembe la kwanza, hicho ndicho kikao cha kuitisha kabla ya kwenda kununua vifaranga.